Siku moja katika chumba cha mwisho wa korido

Saa 11:10 alfajiri. Adhana inanikuta jikoni. Uji wa watoto, sare ya mdogo ipigwe pasi, chai ya tangawizi niiweke kwenye chupa. Saa 12:30 niko juu ya baiskeli. Tanga ni tambarare, namshukuru Mungu, na kabla jua halijachachamaa unaweza kuzikata barabara zote za namba za Ngamiani usitoke jasho. Muuza mihogo ananiita "sista" na leo pia hanidai ya jana.

Saa 1:30 tunapokezana zamu. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa kumi na nne kazini, sita kati yake katika chumba cha mwisho wa korido. Mlangoni hakuna kibao. Wagonjwa wanapaita "kule kwa kusafishwa". Mtaani wana jina baya zaidi. Shoga yangu mmoja aliniuliza harusini, sahani ya biriani mbele yetu: "Eti ni kweli weye ndiye nesi wa kuchoropoa?" Biriani haikushuka.

Basi niliseme mapema. Sitoi mimba. Sheria yetu haina mzaha: Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela, mwanamke mwenyewe hadi 7, na aliyetoa dawa au kifaa akijua ni cha kazi gani hadi 3. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kazi yangu inaanza pale mimba imeshaharibika, iwe yenyewe au kwa mkono wa mtu, na kumtibu huyo si kosa la yeyote. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 15 hutoka zenyewe, nyingi kwa sababu kiumbe hakikupangika sawa tangu mwanzo. Si kwa kupanda bodaboda, wala si kwa kijicho cha jirani. Lakini ukiingia mlango wangu umeshahukumiwa, hata na mfagiaji.

Saa 2 mpaka saa 4 kasoro: watatu, wote salama.

Nitamweleza wa pili tu, maana ndivyo siku inavyokuwa ikiwa nzuri. Mama wa watoto wawili, wiki ya tisa, damu ilimwanza juzi akianua nguo. Dawa ya maumivu nusu saa kabla, akakojoa, akalala. Kila ninachotaka kukishika namwambia kwanza. Ganzi pembeni mwa mlango wa kizazi, kisha mrija laini wa plastiki, na nyuma ya mrija bomba kubwa la mililita 60, mfano wa sindano, limeshavutwa hewa. Hiyo ndiyo mashine yote. Haitumii umeme, TV ya korido ikizimika mimi naendelea. Mkono wenyewe unajua palipofikiwa: mwanzo kunateleza, mwisho ukuta wa kizazi unakwaruza kama msasa na povu la rangi ya waridi linapanda kwenye mrija. Dakika kumi nyingi. Baada ya hapo kuna kazi ambayo hakuna anayependa kuisikia: nakiosha kilichotoka kwenye chujio, nakitazama kwenye mwanga. Nisipokiona ninachotegemea kukiona, huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na huyo nikimruhusu aende anaweza kuangukia jikoni kwake akiwa anakuna nazi.

Waliotutangulia walikwangua kwa kijiko cha chuma. Shirika la Afya Duniani limeshasema kijiko kile kiachwe, pampu au vidonge vishike nafasi yake, kwa kuwa kinaumiza na kujeruhi zaidi. Mpaka leo mama wa makamo akisikia "kusafishwa" utamwona anajishika tumbo. Wanakumbuka.

Saa 4:05. Mama mkwe.

Alikuja na mkwewe wa miaka ishirini na mbili, ameolewa miezi minane, mimba ya wiki nane, damu mabonge. Binti tayari nimempumzisha kitandani nyuma ya pazia. Mama akavuta kiti cha daktari, akakikalia, akaweka chupa ya chai mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama mzaa chema?" Kwetu hata ugomvi unaanza na salamu zilizotimia. "Miye sina maneno mengi. Nataka neno moja tu. Kaitoa au imetoka?"

Nikamwambia mgonjwa anapumzika, na habari zake ni zake.

"Zake? Mimba ya mwanangu, zake?"

Nikamwambia tena, kwa sauti ya chini zaidi. Naye akapandisha ya kwake.

"Nyie mna mashine humu. Mtieni kwenye hiyo ya kupiga picha, itasema."

Hapa nilikosea. Nilidhani nikimweleza ukweli atatulia. Nikamwambia picha inaonyesha kilichobaki ndani, haionyeshi mtu alikusudia nini. Nikamwambia hata aliyemeza vidonge, vile vilivyoanza maisha yake kama dawa ya vidonda vya tumbo, damu yake na mkazo wa tumbo lake ni vilevile vya mimba iliyotoka yenyewe, na hakuna kipimo chetu kinachotenganisha. Na kwamba hata kingekuwepo, matibabu ni yaleyale. Maneno ya kweli tupu. Akanitazama kama muuza samaki aliyemwambia changu wa jana ni wa leo.

"Basi niandikie. Andika hiyo kwamba imetoka yenyewe, upige na muhuri. Ijumaa tuna kikao cha wazee."

Siwezi kuandika nisichokijua, mama.

"Ahaa! Kumbe hujui. Basi kaitoa."

Nikavua glovu. Nikavaa nyingine. Akampigia mwanawe aliye Dar es Salaam, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie ukali wa wanaume. Kijana akasikiliza yote, kimya, halafu akasema, "Mama, mwache dada wa watu afanye kazi. Mke wangu anaendeleaje?" Mama akatoa sauti ya nje haraka, simu akaipeleka sikioni, akawa anajibu yeye peke yake kwa miguno.

Nilihisi nimeokolewa. Haikuwa hivyo. Akahama kiti, akasimama mlangoni, pale pale ambapo korido nzima inasikia, akaanza upya: kwamba hospitali siku hizi zinaficha wauaji, kwamba angejua angempeleka kwa yule bibi anayesoma kizazi kwa kutazama viganja. Mimi pia nina mama mkwe, mtu mwema, na nilijikuta namwonea huruma huyu pia; alishanunua kitambaa cha mtoto, nilikiona kwenye mkoba. Huruma yangu ikaisha aliposema neno "polisi". Hakuna aliyemwita polisi wala aliyetaka kumwita. Alilitupa tu hilo neno, kama mtu anavyomwaga maji uani.

Nilipomaliza kumsindikiza mpaka kwenye mwembe, saa 5:20, nikageukia benchi. Walikuwa watatu wanaosubiri. Wamebaki wawili. Aliyeondoka ni binti mwenye sweta la shule, aliyejifunika kanga usoni tangu asubuhi. Nikatoka mpaka getini. Mlinzi akasema amepanda bajaji.

Mkwe wa mama nilimaliza naye kabla ya adhuhuri. Hakusema lolote kuhusu mkwewe. Aliuliza swali ambalo wote huuliza: "Sista, nitazaa tena?" Utazaa. Kusafishwa vizuri hakufungi kizazi. Kinachofunga ni maambukizi yaliyoachwa yakaziba mirija. Nikamwambia ndani ya wiki mbili anaweza kushika mimba nyingine, kwa hiyo kama hataki, njia ya uzazi wa mpango inaanza leo leo. Na ya kurudi nayo haraka: ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa inayofuata vilevile, homa isiyoshuka, uchafu wenye harufu, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua. Akarudia yote kama mtoto wa chuoni. Kikaratasi hakukitaka. Nikaelewa.

Chakula cha mchana nilikiona, sikukila.

Kuanzia hapo sina saa. Ninachojua ni kwamba jua lilikuwa limeshaingia dirisha la magharibi alipoletwa wa kutoka upande wa mashamba ya mkonge, katikati ya mjomba wake na dereva wa bodaboda, kichwa kinaning'inia. Joto 39.4. Mapigo 130. Presha 80 kwa 50. Harufu iliingia kabla yake. Miaka kumi na saba, kidato cha tatu, siku ya sita. Walianza kumnywesha mizizi, mizizi isipojibu mtu akamwingiza kitu. Kitu gani? Sikuuliza. Tumbo nililigusa kwa vidole viwili tu, lilikuwa gumu kama mbao, na hilo lilitosha kumwita daktari kwa kukimbia.

Watu hunionyesha bomba langu na kuuliza, "Hilo haliwezi kutoboa kizazi?" Linaweza. Kwa mkono uliofundishwa ni ajali ya nadra. Kwa kijiti cha muhogo ndiyo njia yenyewe: kikipita kizazi kinakuta utumbo, na cha utumbo kikimwagika tumboni unahesabu saa.

Dripu mbili, mkono huu na huu. Mshipa wa kushoto ulikimbia mara tatu. Ampisilini, jentamaisini, metronidazo, bila kungoja majibu yoyote. Sindano ya pepopunda. Hewa. Mpira wa mkojo, na mkojo wenyewe rangi ya kahawa chungu. Damu ilihitajika chupa mbili, ikapatikana moja, mjomba akaambiwa atoe, mjomba akaiona sindano akakaa chini sakafuni, dereva wa bodaboda ndiye aliyekunja shati. Hakuwa hata ndugu. Alikuwa bado hajalipwa nauli.

"Kwa nini siku sita?" daktari kijana aliniuliza pembeni. Mjomba akasikia. Akasema waliambiwa hospitali hawamgusi mpaka uende na fomu ya polisi. Na shule ikijua ndiyo basi. Nikamwambia tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu hata waliojifungua kurudi darasani. Akanitazama tu. Miaka yote hii habari haijafika kilomita chache kutoka mjini, lakini ile ya polisi imefika, na bado inatembea.

Wakampeleka kupasuliwa. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya mlango wa upasuaji, miguu inawaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mimba 45 kati ya kila 100 zinazotolewa duniani hutolewa kwa njia isiyo salama, na karibu zote hizo ni katika nchi zinazoendelea. Mimi takwimu sizioni. Naona siku ya sita. Wangemleta siku ya kwanza angekuwa wa nne wa asubuhi, ningemsahau.

Alitoka hai. Utumbo umeshonwa, kizazi kimebaki, usiku huu ndio utakaosema. Mjomba alinipa chungwa la Muheza kutoka mfukoni, moja, lenye joto la mwili wake. Nilimenya na kulila hapo hapo nimesimama.

Mabomba yangu yalikuwa bado kwenye ndoo ya klorini. Yafunguliwe, yaoshwe kipande kwa kipande, yatakaswe, yakaushwe, mpira upakwe mafuta. Ukiruka hatua moja kesho hayavuti. Hakuna anayepiga picha kazi hii. Naifanya vizuri kuliko mtu yeyote jengo lile, na ninasema hivyo bila haya.

Zamu yangu iliisha saa nyingi zilizopita nilipofungua rejesta nijaze. Nane wameingia. Saba wana mstari uliotimia, na kwenye safu ya hali nimeandika kwa wote neno moja, "haijakamilika", yaani mimba iliyotoka ikabakiza. Ndilo neno la kitabibu na ndilo pekee ninaloweza kuliapia. Namba 5 ina jina na umri. Umri ni 16. Mengine matupu.

Mwenzangu wa usiku akauliza aukate huo mstari. Nikamwambia auache wazi, na mlinzi aambiwe: akija mwenye sweta la shule, saa yoyote, asimuulize kitu. Amlete moja kwa moja mwisho wa korido.

Baiskeli ilikuwa na pancha. Nikaisukuma.