Nembo Iliyofaulu Mtihani wa Muhuri

Nilipofungua karakana yangu ya ushonaji, karibu kila mtu alinishauri kwamba nembo nzuri ni ile inayoeleza kila kazi ambayo biashara inafanya. Ushauri huo ulinifanya nilipie nembo mara mbili, na hadi leo hunikera ninapousikia ukipewa wengine. Niliufuata kikamilifu: nembo yangu ya kwanza ilikuwa na cherehani, mkasi, sindano, uzi uliozunguka jina lote, pamoja na rangi tano zilizoyeyukiana.

Kwenye kompyuta ilipendeza mno. Kwenye muhuri, sindano na uzi vilishikana kwa wino vikawa doa moja. Ilipotariziwa kwenye mfuko wa shati, mkasi haukutambulika kabisa. Na ilipokuzwa kwa ajili ya bango, kingo zake zilikatikakatika, kwa kuwa nilikuwa nimekabidhiwa picha ya pikseli, yaani iliyoundwa kwa vidoa vidogo vya rangi, badala ya faili ya vekta, ambayo hukuzwa kwa kiasi chochote bila kuharibika. Idai faili hiyo kabla hujamaliza malipo.

Nilipata moyo niliposoma kwamba panda aliye kwenye nembo ya WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira lililoanzishwa mwaka 1961, alipendwa na waasisi wake kwa sababu, pamoja na mengine, weusi na weupe wake ulipunguza gharama za uchapaji. Basi nikaanza upya kwa penseli. Nilichora michoro ipatayo thelathini, nikaipunguza yote hadi ukubwa wa ukucha, na ni minne tu iliyobaki ikisomeka. Kisha nikafanya jambo ambalo najivunia kuliko yote: niliwaonyesha watu saba kila mchoro kwa muda wa kuhesabu hadi tano, nikauficha, nikawapa karatasi wauchore kwa kumbukumbu. Mchoro nilioupenda mimi hakuna aliyeweza kuurudia. Ule wa tundu la sindano, ambalo uzi unaopita ndani yake unaunda herufi ya kwanza ya jina letu, waliurudia wote, akiwemo mtoto wa miaka tisa.

Rangi niliichagua mwisho kabisa, nayo ni moja tu, buluu. Nilirudi kwa mchonga mihuri yuleyule, naye akaugonga muhuri mpya kwenye karatasi chakavu. Uzi ulionekana wote, tangu ncha hadi ncha.