Maji ya ndoo yalipoanza kucheza

Kibarua changu cha kwanza Chicago kilikuwa kusafisha ofisi usiku kwenye jengo refu la Willis Tower. Wenyeji wengi bado wanaliita Sears, ingawa jina lilibadilishwa tangu 2009. Usiku mmoja wa Januari niko ghorofa ya themanini na kitu, upepo umechachamaa. Nimetua ndoo nikamue tambara, nikaona maji yanakwenda upande huu, yanarudi upande ule. Ndoo imetulia tuli, sijaigusa! Kuta nazo zinalia kama kitanda cha mbao. Nikasema leo ndiyo leo. Mama wa Kipolandi niliyekuwa napiga naye kazi akacheka, akaendelea kufuta meza.

Kesho yake nikaanza kuchimba habari za jengo lile. Kumbe limesanifiwa liyumbe kidogo. Ukilitazama vizuri, si jengo moja. Ni minara tisa ya mraba iliyobanwa pamoja kama mzigo wa kuni, kila mmoja na upana wa mita 23 hivi. Miwili inaishia ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, na miwili tu ndiyo inapanda hadi juu kabisa, ghorofa 110, mita 442. Upepo ukisukuma mmoja, yote inashikana kuuzuia, kwa hiyo hawakuhitaji kulijaza chuma kupita kiasi. Lilifika kileleni 1973 na hakuna lililolipita duniani mpaka 1998.

Msanifu wake ni Bruce Graham. Lakini aliyebuni mfumo wa ile minara ni mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, Bangladesh ya leo, aliyeingia Marekani 1952 kwa ufadhili wa masomo. Mgeni kama sisi! Jina lake liko kwenye kibao cha barabara pale kona ya Jackson na Franklin. Nilikuwa nakipita kila jioni nikienda zamu, nikidhani ni mwanasiasa fulani wa zamani.

Sisi huku tukifiwa, cha kwanza ni kuchangishana ili mwili urudi nyumbani. Khan alifia Jeddah mwaka 1982, ana miaka 52 tu. Mwili wake nao ulisafirishwa, ila haukupelekwa Dhaka. Uliletwa Chicago, ukazikwa makaburi ya Graceland.