Si kila tovuti iliyoporomoka imeadhibiwa

Wengi wanaonitafuta wakilia kwamba Google imewashusha kwenye matokeo ya utafutaji kwa ajili ya viungo, yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwao, hakuna aliyewaadhibu. Kazi yangu ni kukarabati tovuti, na cha kwanza ninachoomba ni kufunguliwa Search Console, kifaa cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, niangalie ukurasa wa adhabu zinazotolewa na wakaguzi wenyewe, yaani watu, si mashine. Mara nyingi ukurasa huo ni mtupu. Mteja akiuona hivyo hapoi, huchachamaa zaidi, maana alikuja na mkosaji wake kichwani.

Mmoja alishikilia kwamba mshindani wake ndiye aliyemrushia viungo vichafu usiku na mchana. Hujuma za aina hiyo zipo, sikatai. Lakini tulipopanga orodha ya viungo vyake kwa tarehe, vile vya zamani kabisa vilianzia mwezi uleule alioajiri fundi aliyemwahidi ukurasa wa kwanza wa Google. Maandishi ya viungo nayo yalijieleza. Tovuti inayotajwa na watu kwa hiari yao hupata viungo vya kila namna: jina la kampuni, anwani tupu, "bonyeza hapa", hata jina lililokosewa herufi. Yake ilikuwa na maneno yaleyale matatu ya kibiashara, yakirudiwa na tovuti za kamari, za mapishi na za dawa za kuota nywele.

Biashara hii ina mzizi wake. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mfumo wa PageRank: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama kura, na kura ya ukurasa wenye hadhi iwe na uzito zaidi. Kura ikishakuwa na thamani, itauzwa. Maroboti yakaanza kumwaga viungo kwenye maoni ya blogu, hadi Januari 2005 injini kubwa za utafutaji zikakubaliana kuhusu alama ya nofollow, inayosema kiungo hiki kisihesabiwe. Wauzaji wakahamia kwingine, wakajenga hata mitandao mizima ya tovuti ambazo hazina kazi ila kuelekezana.

Tarehe 24 Aprili 2012 ikaja Penguin, programu ya Google ya kushusha tovuti zenye viungo bandia. Google ilisema itagusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Idadi hiyo ni ndogo ukiisoma, si ndogo ukiwa ndani yake. Ila kilichonikera mimi, na kinanikera mpaka leo, ni kusubiri. Penguin haikuwa ikifanya kazi kila siku. Iliendeshwa kwa awamu. Ukishaadhibiwa, hata ukisafisha kila kitu wiki inayofuata, unakaa hapohapo hadi iendeshwe tena. Baada ya awamu ya Oktoba 2014, iliyofuata ilikuja Septemba 2016. Biashara ndogo haivumilii karibu miaka miwili bila wageni.

Sasa linganisha na wakubwa. Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilizamishwa Februari 2013 kwa sababu ya makala za kulipiwa magazetini, ikarudi baada ya siku kama 11. Rap Genius, tovuti ya maneno ya nyimbo, iliangushwa siku ya Krismasi mwaka huohuo, ikarudi Januari 4. Kwa haki, adhabu zao zilitolewa na watu, nazo huondolewa na watu. Tena Rap Genius walikuwa na wahandisi wa kuandika programu ya kusaka viungo vyao vibaya. Na Google ilijipiga yenyewe pia: Januari 2012 ukurasa wa Chrome ulishushwa kwa angalau siku 60 kwa sababu ya viungo vya kulipiwa. Hilo nawapa.

Toleo la Penguin la Septemba 2016 lilibadilisha mambo. Tangu hapo, viungo vinavyotiliwa shaka kwa kawaida hupuuzwa tu, thamani yake inafutwa. Desemba 2022 Google ikatumia SpamBrain, mfumo wake wa akili bandia wa kunasa taka, kwa kazi hiyohiyo, kuwatambua wanaonunua viungo na tovuti zinazoviuza. Kwa hiyo mteja wangu hakushushwa; nguzo bandia ziliondolewa akabaki na urefu wake halisi. Hakuna barua ya kuandika wala wa kumwandikia.

Hapo ndipo watu hukimbilia faili la kukana viungo, yaani la kuiomba Google isivihesabu, lililoanzishwa na Google Oktoba 2012. Ni faili la maandishi tu, mstari mmoja kwa kila domeni, na urahisi huo ndio hatari yake. Nimekuta mafaili yaliyokana magazeti, vyuo vikuu na wateja wa kweli kwa sababu kifaa fulani cha kupima "sumu" kiliwapaka rangi nyekundu. Kazi ya kwanza ikawa kuyafuta.

Ndiyo maana nikikuta ujumbe wa adhabu yenyewe hupumua, ingawa mteja hanielewi. Angalau upande wa pili yuko mtu atakayesoma ombi la kufikiriwa upya. Humo naandika nani alilipwa, viungo gani vimeondolewa, wenye tovuti gani waliandikiwa wakakaa kimya, na vipi vilivyobaki vimekanwa. Sentensi ya "hatujui viungo hivi vilitoka wapi" naifuta kila mara mteja anapoirudisha.