Kifaa cha kinywani na mkate wa ajemi

Kwa miaka mingi niliamini kuwa kukoroma ni kero ya anayelala karibu, wala si maradhi ya anayekoroma, mpaka alfajiri moja, tukisubiri chai ichemke, mke wangu aliponiambia kwa sauti ya chini kama mtu aletaye habari ya msiba: “Bwana, jana usiku umekata pumzi, nikahesabu mpaka kumi na nane, hujarudi.” Kisha, akasema, nilivuta hewa kwa kishindo kama mzamiaji aliyeibuka, nikaendelea kukoroma. Mimi sikuwa na kumbukumbu yoyote ya hayo. Nilichokijua ni kwamba kila baada ya sala ya Alasiri nilisinzia barazani, mazungumzo yakiendelea kichwani pangu.

Mtu anapolala, hasa akilala chali, misuli ya koo hulegea, na ulimi pamoja na taya la chini hurudi nyuma. Njia ya hewa hubana, nyama laini za nyuma ya kinywa hutikisika, na huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi: anayepatwa na hali hiyo mara 5 hadi 14 kwa saa huambiwa tatizo lake ni dogo, na anayefikia 30 huambiwa ni kubwa.

Kifaa cha kinywani hufanya kazi moja tu, nayo ni kulishika taya la chini mbele kidogo ili ulimi usiangukie kooni. Kwa pupa yangu nilianza na kile cha bei nafuu, cha kutumbukiza katika maji ya moto kisha kukiuma ili kishike umbo la meno. Nililisukuma taya mbele kadiri nilivyoweza, nikidhani kuwa kuzidisha ndiko kupona. Asubuhi niliuma kipande cha mkate wa ajemi, nao haukukatika: meno ya juu na ya chini hayakukutana, na maungo ya taya, hapa mbele ya masikio, yaliniuma hata kumeza mate kukawa kazi. Ilinibidi niuchovye mkate ule katika chai kama kibogoyo.

Ndipo nikavuka kwenda Dar es Salaam, nikapimwa usingizi kwanza, nikakutwa na 11 kwa saa. Daktari wa meno alikagua ufizi na meno yangu, kwa kuwa kifaa huning’inia kwenye meno na asiye na meno ya kutosha au mwenye meno yanayotikisika hakimfai, akachukua umbo la meno yote, na baadaye akanipa kifaa chenye skrubu ndogo pembeni. Taya husogezwa kwa vipimo vidogo vidogo, na baada ya kila hatua mtu husubiri siku kadhaa. Majuma mawili ya mwanzo foronya yangu ililowa udenda kila usiku. Mpaka leo meno huchukua muda kabla ya kukutana vizuri asubuhi, na daktari alinionya kuwa kwa miaka mingi mpangilio wake unaweza kubadilika kabisa, kwa hiyo narudi kukaguliwa.

Kwa tatizo kubwa, tiba inayotangulia ni mashine ya kupuliza hewa puani, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Colin Sullivan na wenzake wa Australia mwaka 1981. Ina nguvu kuliko kifaa changu, ila huhitaji umeme, na sisi wa Unguja tulioishi gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatulisahau neno hilo upesi. Changu hutaka mswaki, sabuni na maji baridi, maana ya moto hukipinda, pamoja na kikopo chenye kifuniko, kwani sisimizi wa hapa hupenda harufu ya mate kuliko nilivyotarajia.

Nilipopimwa tena nikiwa nimekivaa, 11 zilikuwa zimeshuka hadi 4. Kipimo hicho cha pili nilikitaka mwenyewe, kwa kuwa mkoromo unaweza kunyamaza na pumzi zikaendelea kukatika. Mke wangu naye bado huamka usiku, safari hii kwa sababu ya ukimya, akaniwekea kiganja chini ya pua.