Beki aliyetoka mtaani kwetu, Neukölln

Wazazi wenzangu wa Kiafrika hapa Berlin huniuliza sana: mtoto ana kipaji, tumpeleke akademi gani? Mimi huwasimulia habari za Antonio Rüdiger, mwanasoka wa Ujerumani.

Alizaliwa Berlin Machi 1993, baba Mjerumani, mama kutoka Sierra Leone, akakulia huku huku Neukölln. Alianzia VfB Sperber Neukölln, akaenda SV Tasmania, kisha Neuköllner Sportfreunde, halafu Hertha Zehlendorf. Zote ni klabu za mitaa. Mzazi analipa ada ya uanachama, mtoto anapata kadi ya mchezaji, mechi ni wikendi. Ukifika uwanjani Jumamosi asubuhi, baridi inakata masikio, utakuta mama mmoja anamimina kahawa, mwingine anakata keki za kuuza ili timu ipate hela ya safari. Mfuko wa jezi chafu unapokezanwa: leo unafua wewe, wiki ijayo mwenzako. Kocha mara nyingi ni baba wa mmoja wa watoto hao hao. Na jina la Tasmania si la kutisha mtu hata kidogo, maana klabu ya zamani yenye jina hilo ilicheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, msimu wa 1965/66, ikashinda mechi 2 tu na kufungwa mabao 108. Huko ndiko alikopitia beki wa Real Madrid.

Mwaka 2008 klabu kubwa ya Dortmund ikamchukua. Hapa huwa nawaambia wazazi wasikilize vizuri. Mtoto wa miaka 15 anahama kwa mama yake, zaidi ya kilomita 400. Kaka yake, Sahr Senesie, aliwahi kuichezea Dortmund, kwa hiyo familia haikuwa gizani kabisa. Hata hivyo Antonio alikaa huko miaka mitatu na timu ya wakubwa hakuigusa. Ikabidi aende Stuttgart, na huko ndiko alikoonja Bundesliga mwaka 2012. Miaka miwili baadaye akaitwa timu ya taifa.

Kisha akaenda Roma, klabu ya Italia. Desemba 2016, baada ya mechi ya watani wa jadi, Senad Lulić wa Lazio alisema kwamba miaka miwili nyuma Rüdiger alikuwa akiuza soksi na mikanda Stuttgart. Lulić alifungiwa. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma bado, kwa sababu sisi wageni tunayajua: hata ufike wapi, yupo wa kukukumbusha kwamba mahali pako ni barabarani na bidhaa begani. Aliyesema naye ni mzaliwa wa Mostar aliyekulia Uswisi! Mwaka huo huo Rüdiger alikuwa ameshapasuka kano za goti mazoezini, akaikosa Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya, iliyochezwa Ufaransa.

Alirudi. Chelsea ilimnunua 2017, na katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2021 kule Porto alijitupa akazuia shuti la Phil Foden lililokuwa likielekea wavuni. Chelsea ikashinda 1-0. Mimi nalipenda tukio lile kuliko mabao yake yote. Kazi ya beki ndiyo ile. Madrid wakamchukua 2022 bila kulipa ada ya uhamisho. Aprili 2024, katika Ligi ya Mabingwa, nyumbani kwa Manchester City, yeye ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyowatoa wenyeji. Na fainali ya mwaka huo pale Wembley ilikuwa dhidi ya nani? Dortmund. Madrid ilishinda 2-0.

Fedha alizopata Kombe la Dunia la 2022 alizitoa zilipie upasuaji wa watoto 11 wa Sierra Leone waliozaliwa na miguu iliyopinda.

Mwenye mtoto wa miaka sita au saba hapa Neukölln aniandikie, nimweleze fomu za klabu zinavyojazwa. Zingine zina orodha ndefu ya wanaosubiri, hivyo msichelewe.