Bibo na korosho kwenye stempu

Nachora kwa rangi za maji hapa Mikindani: ghuba, majahazi, nyumba za mawe na milango yake. Zote ni kazi kubwa za kutundika ukutani. Kisha nikataka kubuni stempu ya korosho, maana huku Kusini zao hili limesomesha watoto wengi, na linastahili heshima hata kwenye bahasha.

Walimu wangu walikuwa stempu za Tanzania alizotunza babu, za samaki wa mwaka 1967 na vipepeo wa 1973. Nilizikagua kwa lenzi nikaona kiumbe mmoja ndiye anayetawala, mengine yamenyamaza. Basi sikuchora shamba. Nilichukua bibo moja jekundu, korosho yake ikining'inia chini.

Fremu niliipa sentimita 16 kwa 12, mara nne ya stempu ya sentimita 4 kwa 3. Mstari wa milimita moja hapo unabaki robo milimita, kwa hiyo mishipa ya jani niliiacha. Nafasi ya maandishi niliitenga mapema, kwa kuwa Umoja wa Posta Duniani unataka jina la nchi kwa herufi za Kirumi, na thamani ya stempu. Uingereza tu, iliyoanzisha stempu mwaka 1840, ndiyo haiandiki jina lake.

Kazi yenyewe iko kwenye maji. Mng'ao wa bibo ni karatasi isiyoguswa, hivyo lazima ujue utauacha wapi kabla ya kuchovya brashi. Nilianza na njano nyepesi, nikasubiri ikauke kabisa, ndipo nikapandisha nyekundu. Ukiharakisha, hasa mvua zikishaanza na hewa ya pwani ikawa nzito, nyekundu inatambaa ndani ya njano na mng'ao unakufa. Na bibo halikusubiri: likichumwa asubuhi, kesho yake limelegea na rangi imefifia. Kwa hiyo tunda nililimaliza siku ileile. Korosho, ambayo haibadiliki upesi, nikaiachia siku zilizofuata.

Kijana wa steshenari alinitolea kopi ya ukubwa wa stempu, nikaibandika kwenye bahasha na kumpelekea shangazi yangu, mkulima.

“Shikamoo shangazi. Unaona nini hapo?”

“Marahaba mwanangu. Bibo. Lakini korosho yenyewe iko wapi?”

Kweli, kwa udogo ule kijivu chake kilikuwa kimezama kwenye kivuli. Niliongeza kivuli upande mmoja tu, upande wa pili nikaacha weupe mwembamba. Kopi iliyofuata aliitambua kabla sijauliza. Sasa nachora msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, na napambana na matao yake.