Sahani ya Mwisho Inasingiziwa: Gesi Tumboni Inatoka Wapi Hasa

Tumbo likijaa gesi dakika 15 baada ya kula, lawama zote huangukia kile kilichokuwa mezani. Mtu anaapa hali tena wali, au kuku, au chochote alichokuwa akitafuna muda huo. Mara nyingi wali hauna kosa. Sehemu kubwa ya gesi hutengenezwa kwenye utumbo mpana, na chakula huchukua masaa kadhaa kufika huko. Kilichotokea ni kwamba mfuko wa chakula ulipoanza kujaa, utumbo mpana ulianza kujisukuma ili kupisha mzigo mpya, na gesi iliyotokana na mlo wa asubuhi au wa jana usiku ikasogea nayo. Unaihisi sasa, kwa hiyo unamkamata aliye karibu.

Kosa hili dogo la muda ndilo linalofanya watu waache vyakula kumi na gesi ibaki palepale. Basi tuanze na asili yake.

Kuna gesi unayoimeza na kuna gesi unayoitengeneza. Ya kumeza ni hewa ya kawaida: unakula haraka, unaongea huku unatafuna, unakunywa kwa mrija, unatafuna chingamu, unavuta sigara, au meno yako ya bandia hayabani vizuri. Soda na maji yenye gesi huongeza kaboni dayoksaidi juu yake. Gesi hii huja mapema na nyingi hurudi juu kama mbweu. Anayepiga mbweu mchana kutwa asihangaike sana na orodha ya vyakula. Mara nyingi kila anapojilazimisha kubeua ili apate nafuu, humeza hewa nyingine kwanza, na mzunguko unaendelea.

Ya kutengenezwa ni kazi ya bakteria wa utumbo mpana. Wanapata mabaki ya wanga na sukari ambayo utumbo mwembamba umeshindwa kuyafyonza, wanayachachusha, na hapo hutoka haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Zote tatu hazina harufu. Harufu hutoka kwenye gesi zenye salfa, ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya gesi yote, na vyanzo vyake ni kama mayai, nyama, kabichi na vitunguu saumu. Kwa hiyo gesi inayonuka si lazima iwe nyingi. Maharage hutoa nyingi isiyonuka, mayai hutoa kidogo inayojitangaza.

Mtu mzima mwenye afya hutoa ushuzi kati ya mara 10 na 20 kwa siku, jumla ya mililita 500 hadi 1500 hivi. Tumbo lisilo na gesi kabisa halipo, hivyo usilitafute.

Maharage, kwa karibu

Maharage, dengu, choroko na njegere zina sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, yaani alfa-galaktosidasi. Hakuna anayezaliwa nacho utumboni, hata yule anayejisifu kwamba maharage hayamsumbui. Sukari hizo hupita salama hadi kwa bakteria, nao husherehekea.

Habari njema ni kwamba sukari hizi huyeyuka kwenye maji. Loweka kikombe 1 cha maharage makavu kwenye vikombe 3 au 4 vya maji kwa masaa 8 hadi 12. Ukiyaacha muda mrefu zaidi mahali penye joto utaona vipovu vidogo vikipanda na kusikia harufu ya uchachu: bakteria wameanza kula sukari ileile ndani ya bakuli badala ya tumboni mwako. Mwaga maji hayo yote, suuza mara mbili, kisha pika kwa maji mapya. Wapo wanaopikia maji ya kulowekea ili wasipoteze vitamini. Ni kweli zipo zinazopotea, lakini kwa anayesumbuliwa na gesi hayo ni mabadilishano ya haki.

Ukisahau kuloweka, chemsha dakika 2 au 3, zima moto, funika saa nzima, mwaga, anza upya. Robo kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda (ile ya kuokea, usichanganye na magadi ya sabuni) kwa lita 1 ya maji ya kulowekea husaidia kulainisha ganda. Ukizidisha, maharage huwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 huharibika. Ya kopo, mwaga maji yake na suuza.

Maharage mekundu yana jambo lake la pekee. Ndani yake kuna lektini, sumu ambayo huondoka tu yakichemka kwa nguvu, yanatokota kabisa, kwa angalau dakika 10. Chungu cha umeme kinachopika polepole kwa joto la chini hakifikii hapo. Kutapika na kuharisha masaa 1 hadi 3 baada ya kula maharage mekundu yasiyoiva vizuri si gesi, ni sumu hiyo.

Kisha kuna kipimo. Anayekula maharage mara moja kwa mwezi, sahani mbili zilizojaa, ndiye huumia kuliko wote. Anza na vijiko 3 vya mezani vya maharage yaliyoiva, kila siku au siku moja baada ya nyingine, na ongeza kidogo kila wiki. Baada ya wiki 3 au 4 wengi huona tumbo limetulia.

Maziwa ndiyo yenye haraka

Kanuni kwamba gesi huchelewa ina jambo moja kubwa lisiloifuata, nalo ni laktosi, sukari ya maziwa. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na laktasi, kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, kadiri utoto unavyokwisha. Kwao dalili huja kati ya dakika 30 na masaa 2: tumbo linanguruma, linajaa, na huenda likaharisha.

Lakini kupungukiwa si kukosa kabisa. Kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za laktosi, na wengi wenye upungufu hukivumilia kikija pamoja na chakula. Kinachowashinda ni vikombe viwili tumbo likiwa tupu. Mtindi husumbua kidogo kwa sababu bakteria wake husaidia kuivunja laktosi, na jibini ngumu iliyokaa karibu haina laktosi. Maziwa yaliyotolewa mafuta hayasaidii chochote hapa, maana laktosi ni ileile.

Vitunguu, ngano, na kile kiitwacho "bila sukari"

Vitunguu maji, vitunguu saumu na ngano vina fruktani, aina ya wanga, na hakuna binadamu anayeweza kuzimeng'enya. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kiasi anachovumilia. Wengi wanaoacha mkate na kupata nafuu hudhani wamekimbia gluteni, protini ya ngano, kumbe waliyekuwa wakigombana naye ni fruktani.

Hila ya jikoni inayofaa kuijua: fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kuopoa vipande vya kitunguu kutoka kwenye mchuzi hakusaidii, fruktani imeshabaki mchuzini. Ila ukiziweka punje nzima za kitunguu saumu kwenye mafuta peke yake kwa moto mdogo, dakika chache, kisha ukaziopoa kabla ya kuongeza kitu chochote chenye maji, ladha hubaki na gesi huondoka na punje. Tengeneza ya mlo huo tu. Mafuta ya kitunguu saumu yakikaa nje ya friji yanaweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulini, na huo ni ugonjwa wa kuua. Majani ya kijani ya kitunguu cha majani nayo hayana shida. Ile sehemu nyeupe ndiyo yenye neno.

Tofaa, peasi, embe, tikiti maji na asali zina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi. Juisi ni mbaya zaidi kwa hesabu tu: matunda manne ndani ya glasi moja, yanashuka kwa dakika mbili. Pipi na chingamu zilizoandikwa "bila sukari" zina sorbitoli, manitoli au zailitoli, ambazo utumbo huzifyonza kwa shida. Anayetafuna chingamu hizo kutwa nzima anameza hewa na kuwalisha bakteria kwa wakati mmoja.

Na hapa haba na haba hujaza kibaba. Nusu kitunguu peke yake, sawa. Vipande viwili vya mkate, sawa. Tofaa moja, sawa. Vyote katika mchana mmoja vinajumlishana, na lile tofaa lililokuja mwisho ndilo linaloshtakiwa.

Kuhusu nyuzinyuzi, kosa ni kasi. Mtu mzima anashauriwa gramu 25 hadi 30 kwa siku. Aliyezoea 10 akiruka hadi 30 Jumatatu, Jumatano analia. Ongeza kama gramu 5 kwa wiki, pamoja na maji. Oti (oats) ni pole kuliko pumba za ngano.

Ila kabla ya kugusa chakula chochote, jiulize kuhusu choo. Kikija mara mbili kwa wiki, au kwa vipande vigumu kama kokoto, tibu hilo kwanza. Kinyesi kinachokaa humpa bakteria muda wa kutosha na huziba njia ya gesi. Kuweka miguu kwenye kigoda unapokuwa chooni, magoti yakawa juu ya nyonga, husaidia kuliko wengi wanavyotarajia.

Tumbo limevimba, gesi si nyingi

Wapo ambao asubuhi tumbo ni bapa na jioni suruali haifungi, lakini wakipimwa gesi yao haizidi sana ya wengine. Kwao utumbo huhisi kupita kiasi, na mwili hujibu vibaya: kiwambo cha kupumulia (msuli ulio chini ya mapafu) hushuka na misuli ya mbele ya tumbo hulegea, hivyo tumbo husukumwa nje. Kuacha kabichi hakutawasaidia sana. Mazoezi ya pumzi husaidia: lala chali, mkono juu ya kitovu, vuta pumzi kwa sekunde 4 tumbo likipanda, toa kwa sekunde 6, dakika 5 hadi 10 baada ya mlo.

Kumtafuta mhusika

Andika kwa wiki 2: ulichokula, kiasi, saa, na dalili na saa yake. Unaposoma, usitazame mlo uliotangulia dalili pekee. Rudi nyuma masaa 24. Tumbo lililojaa saa 7 usiku, baada ya maharage ya saa 1 jioni, lina maelezo. Tumbo lililojaa saa 3 asubuhi, saa moja baada ya glasi mbili za maziwa, nalo lina maelezo, na hayafanani.

Kisha toa kundi moja tu kwa wiki 2 hadi 4. Hali ikibadilika, lirudishe kwa siku 3 ukipandisha: robo kikombe cha maziwa, nusu, kisha kizima. Linapoanza kusumbua, hapo ndipo mpaka wako. Utaratibu mkubwa zaidi, wa kutoa makundi yote yanayochachuka, huitwa FODMAP na umeendelezwa hasa na Chuo Kikuu cha Monash cha Melbourne, Australia. Hatua yake ya kukata ni wiki 2 hadi 6, na ni vizuri ifanywe na mtaalamu wa lishe. Wanaobaki nayo miaka wameielewa nusu: inawanyima chakula hata bakteria wenye manufaa.

Vidonge: vya alfa-galaktosidasi na vya laktasi hufanya kazi vikimezwa na tonge la kwanza, saa moja baadaye basi limeshaondoka. Simethikoni huunganisha mapovu madogo yawe makubwa, haizuii gesi kutengenezwa. Mkaa wa vidonge hunyonya hata dawa zako nyingine. Mafuta ya mnanaa ya kapsuli husaidia baadhi, ila huchochea kiungulia. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula ni bure na kunafanya kazi. Na ukiwa unatumia metformini au akabosi (dawa za kisukari) au laktulosi (dawa ya kulainisha choo), gesi ni athari yake inayojulikana. Zungumza na daktari, usiache dawa mwenyewe.

Nenda hospitali bila kusubiri shajara ikiwa unapungua uzito bila kutaka, kuna damu chooni au choo ni cheusi kama lami, unatapika mara kwa mara, una homa au upungufu wa damu. Tumbo gumu lenye maumivu makali, huku huwezi kutoa choo wala ushuzi, ni dharura ya saa hiyohiyo. Mwanamke aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku, na halikuwa hivyo zamani, aombe achunguzwe ovari pia, maana saratani yake hujificha nyuma ya dalili hii hii.

Na kama unashuku ngano, omba kipimo cha ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa sababu ya gluteni) kabla hujaiacha. Kipimo hutafuta mwitikio wa mwili kwa gluteni. Aliyeacha mkate miezi miwili anaweza kuambiwa yuko salama ilhali ni mgonjwa, na atalazimika kurudi kuula kila siku kwa wiki 6 ndipo apimwe upya.